Lori la Makaratasi Lilisimama Igawa

Lori lilikuwa limeshaiacha Uyole nyuma, linateremka kwenye lami mpya, na Yudith alikuwa bado hajageuza shingo hata mara moja. Aliyetaka kumwona akimpungia mkono hakuwepo. Baba yake, mzee Andendekisye, aliingia shambani tangu kuna umande, akapalilia viazi vilivyokwisha paliliwa juzi, na dereva alipopiga honi ya kuaga, mgongo wa mzee haukuinuka. Mama yake, Damari, ndiye aliyemfungia kapu la viazi vya kuchemsha na kumsindikiza hadi barabarani.

"Nenda mwanangu," Damari alimwambia. "Iringa kuna shangazi yako Roza, pale Kihesa. Utakaa naye. Tena huko hakuna Wasukuma."

"Mama, Wasukuma wapo kila mahali."

"Basi kuna shangazi yako."

Wakaachana hivyo, kila mmoja akijifanya anatazama kapu.

Nyuma ya lori, chini ya turubai, ilifungwa mashine ya kurudufu, taipureta mbili, na katoni za karatasi mpaka juu. Ofisi ya vijitabu ilikuwa inahamia Iringa, na Yudith, mpiga chapa wake, anahama nayo. Ilikuwa mwaka sabini na sita, mwezi wa Juni, baridi ya Mbeya inauma masikio.

Dereva, Philbert, alikuwa Mhehe wa mdomo mwepesi, naye alikuwa anarudi kwao kwa furaha. Alimtupia Yudith jicho la pembeni.

"Dada, kama unataka kulia, lia. Lori hili limebeba machozi mengi kuliko mahindi."

"Silii."

"Basi ni vumbi."

"Barabara ni ya lami, kaka."

"Basi ni vumbi la zamani." Akabadilisha gia. "Ila kuna kitu kimoja kinanishangaza. Tangu lini ofisi inampangia dereva mahali pa kula? Karatasi imeandikwa: gari litasimama Igawa saa sita, nusu saa, kupokea masahihisho. Nusu saa! Nani kapanga hii?"

Yudith akainamia kapu, akawa anahesabu viazi. Aliyepanga ni yeye. Tangazo la kuhama lilipotolewa ili lipelekwe kwa wasahihishaji wa vijiji vyote, yeye ndiye aliyelipiga chapa, na chini kabisa, baada ya sahihi ya mkubwa wake, alichomeka mstari wake mwenyewe. Hakuna aliyeuona. Nakala zikaenda vijiji arobaini, kwa ajili ya mtu mmoja.

Alitaka kumwuliza mtu huyo swali moja tu kabla hajapotea Iringa: kwa nini ulinyamaza?

Kijitabu chenyewe kilihusu pampu ya maji ya mkono. Aliyekiandika ni bwana Timotheo, fundi mkuu, mtu aliyeweza kuifungua pampu nzima amefumba macho na kuifunga tena huku anasimulia habari za msiba. Ila kalamu ilimpiga chenga. Herufi alizitawanya kama mtu anayewatupia kuku mtama. Naye alilijua hilo wala hakuona haya. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza aliandika: "Kijitabu hiki hakina mwenyewe. Nakili, mpe jirani. Ukiona kosa tuandikie, tutalirekebisha kwa wote." Kikaenda kila palipofungwa pampu, kikaning'inizwa kwa kamba kwenye nguzo, watu wakakisoma, na barua zikaanza kuingia Mbeya kwa kila basi.

Kazi ya Yudith ilikuwa kuzipokea. Anasoma sahihisho, anaitoa stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, anapaka dawa nyekundu juu ya kosa, anapuliza mpaka ikauke, anapiga herufi iliyo sahihi. Dawa ile ilimganda kwenye kucha hata akijisugua kwa jiwe haitoki. Akina mama wa kanisani wakamfikisha kwa mchungaji, kwamba binti wa Andendekisye siku hizi anapaka rangi.

Siku moja, miaka miwili nyuma, ikaja barua kutoka Usangu bondeni.

"Ndugu Mpiga Chapa," ilianza. "Ukurasa wa tisa mmetuagiza tukaze boti mbili. Wazee wa hapa wananiuliza boti zitaingiaje kisimani. Nimewaambia ni bolti, hawaniamini. Tafadhali rekebisheni upesi, kuna mmoja ameshaanza kuchonga kasia. Wenu, Masunga Limbu, mwalimu wa kisomo na mtunza pampu."

Yudith alicheka mpaka Timotheo akatoka ofisini kwake na spana mkononi kuuliza kulikoni. Akajibu: "Ndugu Msahihishaji, boti tumezitoa. Kasia pikieni."

Ikawa ndio mwanzo. Masunga hakuacha ukurasa hata mmoja upumue. Kila wiki mbili bahasha, na kila bahasha, pembeni mwa masahihisho, maneno mawili matatu ya utani. Aliandika: "Sisi Wasukuma kwetu hatuna R, nimeikuta shuleni, ndiyo maana naionea uchungu mkiipoteza." Yudith akamjibu: "Na sisi Wanyakyusa hatuna. Basi tumeachiwa wawili kuilinda." Kwa mwaka mzima Masunga aliamini anaandikiana na mwanamume.

Wasahihishaji walipoitwa Mbeya kwa mkutano wao, kijana mrefu mweusi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, alisimama mlangoni akauliza, "Ndugu Mpiga Chapa ni yupi?" Yudith akainua mkono wenye kucha nyekundu. Kijana alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga, akakaa kwenye kiti cha mwenzake, na mwenzake bado amekikalia. Chumba kizima kikacheka. Yudith hakucheka. Alikuwa ameyaona yale macho, namna yalivyomshukia taratibu kama mtu anayetua mzigo, akajua kwamba na wake umetua hapo hapo.

Walionana mara tatu tu kwa mwaka ule. Mara ya tatu, wakiwa wamesimama sokoni kati ya wauza maharage, Masunga alimwambia, "Mwezi wa pili baba atakuja kwenu. Anataka akuone kwa macho yake. Anasema hapa Usangu sisi ni wahamiaji, hatuwajui watu kwa ukoo, inabidi tuwajue kwa sura."

Na kweli mzee Limbu alikuja, pamoja na rafiki yake Kashindye, mzee mwenye binti asiyeolewa bado, wamevaa makoti mazito. Andendekisye alikuwa ameshanung'unika wiki nzima: mfuga ng'ombe, mtu wa mbugani, leo yupo Usangu kesho Rukwa, binti yangu nitamtafuta wapi? Lakini Damari alimlainisha, na wageni wakapokewa vizuri, kuku akachinjwa. Yudith alikuwa anatoka jikoni na birika la maji ya kunawa, ampe mama yake awanawishe. Alipoinua uso akaona wazee wawili mlangoni, na mmoja ana macho yale yale ya Masunga. Birika likamtoka. Akajifunika kanga usoni, akakimbia, akaingia kwenye migomba nyuma ya nyumba, na huko akakaa amechuchumaa mpaka wageni walipokula, wakashukuru, wakaondoka.

Jioni Damari alimbusu kichwani. Hata Andendekisye alisema, "Nimekulea." Kwao lilikuwa neno kubwa.

Yakapita majuma. Kutoka Usangu hakuja mjumbe wala salamu. Andendekisye akaanza kusema, "Wamekuja, wamekula, wamenyamaza. Binti yangu ni kuku wa mnadani, wa kutazamwa na kuachwa?" Akaapa jina la Masunga lisitajwe kwake. Habari ya ofisi kuhama ilipokuja, ndiye wa kwanza kusema Yudith aende.

Na bahasha za Masunga? Hazikukoma. Ukurasa, mstari, neno lililokosewa, neno sahihi. Pembeni, weupe mtupu.

Igawa kulikuwa na joto. Philbert alisimamisha lori karibu na vibanda vya wali, akafungua boneti ili injini ipoe. Yudith hakuwahi hata kukanyaga chini. Mzee mmoja mfupi, kofia ya sufu juani, alikuwa ameshaushika mlango.

"Mwanangu, ndiyo gari la masahihisho hili?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye Sedekia wa ukurasa wa kumi na mbili!"

Alilitamka kama mtu anayetaja ukoo wake. Yudith alimkumbuka: katekista mstaafu aliyekuwa akiandika barua tano kwa mwezi kuhusu ukurasa huo mmoja. Mzee Sedekia alitoa daftari, akalikunjua juu ya madigadi ya lori, akaanza kusoma mstari kwa mstari. Yudith alikuwa anaitikia "ndiyo, baba," "nimeandika, baba," macho yake yakipita juu ya kofia ile, yakitafuta kati ya wauza miwa na wauza samaki.

Akamwona. Alikuwa amesimama chini ya paa la kibanda, ameegemea baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Hakusogea. Alikuwa anasubiri zamu yake kama msahihishaji mwingine yeyote.

"Baba Sedekia," Yudith alisema, "naomba ukanywe chai kwanza. Dereva huyu atakulipia."

"Nani?" Philbert aliuliza kutoka ndani ya boneti.

"Wewe, kaka."

Philbert alitazama kibandani, akatazama uso wa Yudith, akafuta mikono kwa tambara. "Twende, mzee wangu. Kumi na mbili imesubiri, itasubiri."

Masunga akaja. Hakumpa mkono. Alimpa bahasha.

"Mwadila, Ndugu Mpiga Chapa," akamsalimia kwa Kisukuma.

"Salama, Ndugu Msahihishaji."

"Umekonda."

"Ni lori hili. Ukikaa karibu na kitu kikubwa unaonekana mdogo."

"Yudi..."

"Usiniite hivyo kama huna cha kusema."

Masunga akawa anasugua kengele ya baiskeli kwa kidole gumba. "Nimeleta masahihisho," alisema hatimaye.

"Nimeyaona. Miezi minne nayaona. Ukurasa wa tatu, ukurasa wa kumi na tisa, ukurasa wa thelathini. Nageuza karatasi nyuma, hakuna neno. Naiinua kwenye mwanga wa dirisha, hakuna neno. Hata 'hujambo', Masunga? Hujambo ni herufi ngapi?"

"Nilikuwa nasubiri uanze wewe."

"Nianze nini?"

"Kuomba radhi."

Yudith alidhani hakusikia vizuri. "Radhi ya nini?"

"Kwa baba yangu." Sauti yake ilikuwa ndogo na ngumu. "Yudith, mzee wangu hajasafiri kwenda kumwona binti wa mtu tangu azaliwe. Alinunua koti kwa ajili yenu. Amefika, umemtazama usoni mara moja, umetupa birika, umekimbia kama umeona fisi. Hukupiga goti. Hukumnawisha. Hukurudi hata kumuaga. Njiani hakusema neno mpaka Chimala. Chimala, nilikokuwa nawasubiri, akaniambia, 'Mwanangu, yule binti amenitapika.'"

Yudith aliweka mkono kwenye mlango wa lori. Bati lilikuwa la moto, lakini hakuutoa.

"Masunga," alisema polepole. "Wewe umekaa na Wanyakyusa?"

"Nimekaa na wewe. Kwa barua."

"Kwetu mwali haonani na baba wa mume. Haonani! Akimwona njiani anaingia porini. Akimsikia anakohoa anajifunika. Mama yangu ameishi na babu yangu kijiji kimoja miaka ishirini, hakuwahi kuuona uso wake mpaka walipomfunika sanda. Ndiyo heshima yenyewe hiyo. Siku ile nilipomwona baba yako, sikumwona kama mgeni. Nilimwona kama mkwe. Moyo wangu ulikuwa umeshaolewa, Masunga. Ningesimama pale namtazama, nimwagie maji mikononi, ndiyo ningekuwa nimemtukana."

Masunga aliacha kusugua kengele.

"Ulikimbia kwa heshima."

"Kwa heshima yote niliyonayo. Nilichuchumaa kwenye migomba mpaka miguu ikafa ganzi, nikiwa na furaha. Nikawa nasema, sasa amejua mimi ni mke wa mwanawe."

"Sasa kwa nini hamkusema? Baba yako alikuwepo. Mama yako alikuwepo. Wamekaa wanakula kuku, wanatabasamu!"

"Nani aseme? Mtu anajisifu mbele ya wageni kwamba binti yangu ana adabu? Wao walijua mmeona wenyewe. Na ninyi je, kwa nini hamkuuliza?"

"Mgeni anauliza kwa nini amedharauliwa?" Akacheka, kicheko kikakatika katikati. "Anakula, anashukuru, anaondoka. Tena Kashindye naye akasema, 'Limbu, watu wa milimani wanatudharau sisi wenye kunuka ng'ombe. Tafuta kwenu.'"

"Kashindye yule mwenye binti?"

"Kashindye yule mwenye binti."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo, na yale macho yakashuka tena taratibu kama siku ya mkutano, na Yudith akahisi kitu kifuani kinafunguka, kama pampu iliyokuwa inakoroma hewa tupu kwa miezi halafu ghafla ikakamata maji. Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Basi limekwisha! Masunga, si limekwisha? Leo leo unamwambia baba yako. Mimi nikifika Iringa naandika kwa mama, anamlainisha baba, mama anajua pa kumshika. Mzee wako aje tena, nami nitakimbia tena, ila safari hii mtajua! Nitakimbia vizuri zaidi!"

Masunga hakucheka. Alikuwa amekaza macho kwenye bahasha iliyo mkononi mwa Yudith.

"Masunga?"

"Jumamosi wanamleta Mbuke."

"Mbuke nani?" aliuliza, na alijua.

"Binti wa Kashindye. Ng'ombe wameshakwenda. Wazee wameshakaa. Mama amekwisha loweka mtama wa pombe."

"Leo ni Alhamisi."

"Najua leo ni siku gani, Yudith."

Upande wa vibanda Philbert alikuwa anacheka, mzee Sedekia anaendelea kusoma. Basi la Zambia lilipita, likaacha upepo wa moto na moshi wa mafuta, likatokomea. Yudith alisubiri mpaka kelele ziishe.

"Umekubali?"

"Nilikuwa na hasira. Baba akaniuliza, nikasema fanya utakavyo. Nilikuwa nataka uumie."

"Nimeumia. Umefanya kazi yako. Sasa panda lori." Alilisema bila kuinua sauti. "Nyuma kuna nafasi juu ya katoni. Philbert hatasema kitu. Iringa kuna shangazi, kuna kanisa, kuna kazi ya kufundisha kisomo. Baba yako atakasirika mwaka mmoja, miwili. Baba yangu ameshakasirika tayari. Panda."

Masunga aliegemeza baiskeli kwenye gurudumu la lori. Alikanyaga kidaraja cha mlango kwa mguu mmoja. Akasimama hivyo, mguu mmoja juu, mmoja chini, mkono wake karibu kabisa na mkono wa Yudith juu ya bati lile la moto. Yudith aliona mshipa wa shingo unavyopiga juu ya kile kifungo.

"Mbuke hajanikosea kitu," alisema Masunga.

"Sijasema amekukosea."

"Ana miaka kumi na minane. Amekwisha agwa na dada zake. Jumamosi akiletwa akakuta nyumba haina mtu, watasema nini juu yake? Watasema ana ugonjwa. Watasema mume amemkimbia kabla hajamwona. Nani ataenda kila nyumba kueleza kwamba si kweli? Wewe umebebeshwa aibu usiyoijua kwa miezi minne kwa sababu watu walinyamaza. Nikipanda hapa, namtwika na yeye. Ya kwake itakuwa ya maisha."

Yudith alitafuta neno la kumchukia Mbuke. Alilitafuta sana. Alichokipata ni msichana wa miaka kumi na minane amefunikwa, anangoja hatua mlangoni.

"Na mimi?" aliuliza. "Mimi nani ataeleza habari zangu?"

Uso wa Masunga ulijikunja kama wa mtoto aliyekatazwa kulia mbele ya wageni. Aliushusha mguu.

"Ungeniandikia mstari mmoja," Yudith alisema. "Mstari mmoja tu, Masunga. 'Kwa nini ulikimbia?' Umeniandikia makosa ya Timotheo mia mbili na kitu, ukayafuata mpaka kwenye nukta. Hili langu ukalipita."

"Hili lilikuwa linauma."

"Ndiyo. Na mimi nisingejibu kwa ukali. Ningekujibu siku hiyo hiyo."

"Na wewe ungeniandikia."

"Ningeandika nini? Binti aulize kwa nini hajaposwa? Afadhali nife." Kisha akatikisa kichwa. "Lakini ningeandika. Ungejua namna nilivyokuwa nakaa na ile taipureta. Ningeandika."

"Mwanangu!" Mzee Sedekia alikuwa amerudi, daftari kifuani, chai kwenye masharubu. Akawatazama mmoja mmoja. "Mnalia? Mnalia kwa sababu ya ukurasa gani?"

Mzee alikuwa ameishi muda wa kutosha. Alilifunga daftari lake, akalisukuma polepole mkononi mwa Yudith, akasema, "Kumi na mbili yangu haina haraka," akaondoka zake akivuta miguu.

Philbert alifunga boneti, akapanda, akawasha. Hakupiga honi. Alikaa tu mikono kwenye usukani, anatazama mbele, kama mtu asiye na masikio.

"Nenda salama, Yudi," Masunga alisema akiwa mlangoni.

"Usimkasirikie baba yako. Na Mbuke... Mbuke usimwambie habari zangu. Usimpe cha kufikiria."

"Sitamwambia."

"Na ukimwambia baba yako kwa nini nilikimbia, mwambie vizuri. Usimweleze kama kisa. Mwambie nilimheshimu."

"Nitamwambia hivyo hivyo."

Lori likaondoka. Safari hii Yudith aligeuza shingo, mara moja, kisha ya pili, na akaendelea kugeuza mpaka barabara ilipopinda. Alimwona amesimama katikati ya lami, baiskeli imelala chini, mikono yake imening'inia kama si yake. Alipopotea, Yudith alijiinamia kwenye kapu la viazi, akalia kwa sauti, kama wanavyolia wanawake wa Uyole msibani, bila kujizuia, mabega yakipanda na kushuka. Philbert hakuuliza kama ni vumbi. Aliendesha polepole mpaka Makambako.

Masunga alimwoa Mbuke Jumamosi ile. Walipata watoto sita. Mbuke alikuwa mke mwema na alikufa akiwa hajui kitu.

Mzee Limbu alielezwa habari ya wakwe wa Kinyakyusa baada ya harusi. Akauliza kama mvua imefika mbugani. Mwaka uliofuata alipita Uyole, akaingia kwa Andendekisye. Walikula, wakazungumzia ugonjwa wa ng'ombe, wakaagana. Yudith na Masunga hawakutajwa. Hakupita tena.

Kashindye alihamia Rukwa na mifugo yake. Mzee Sedekia alifariki mwaka sabini na nane. Timotheo aliacha kazi akafungua karakana Makambako, na Philbert akawa mbia wake. Ofisi ya vijitabu ilifungwa mwaka themanini na mbili. Pampu nyingi zilikuwa zimeshakufa kwa kukosa vipuri.

Damari alihamia Kihesa mumewe alipofariki, akazikwa huko. Yudith alifanya kazi Iringa miaka sita. Aliolewa na Saulo, muuza nyanya wa Ilula aliyefiwa na mke, mtu mpole, asiye na maneno mengi. Alimlelea watoto wawili na kumzalia mmoja. Walijenga Ilula kando ya barabara kuu, nyumba ya matofali, bati jekundu. Yeye na Masunga hawakuonana tena.